Mtani Asiyesikika

1

Kichujio cha Kokushima kilimbana sikio alipokuwa bado barabarani, kabla hajafika kwenye lango la marehemu Alfonsi Kikoti. Vichujio vya wapima rufaa havikati sauti kama vya watu wengine. Vinabana tu ncha ya sikio, kama vidole viwili vya mtu mwenye subira, kumjulisha mpima kwamba sauti anayoisikia wengine wote hawaisikii.

Sauti yenyewe ilikuwa ya mzee mrefu aliyekaa juu ya gogo la paini. Alishika kamba, na mwisho wa kamba alisimama kondoo dume mnene ambaye mzee alikuwa akimsema kwa uvivu wake.

"Shikamoo, mzee," alisema Kokushima.

Mzee alimtazama kwa muda. "Umenisalimia kwa sababu umeniona, au kwa sababu umenisikia?"

"Nimekusikia. Na ulichomwambia kondoo nimekisikia pia."

"Marahaba. Marahaba tena." Akainuka, akajifuta vumbi la maganda ya mti. "Wewe ndiye uliyetumwa na Baraza."

"Ndiyo. Naitwa Kokushima Byabato, napima rufaa za sauti. Wewe ni Kunibert Mbano."

"Mhaya," alisema mzee, kama anayesoma maandishi kwenye gunia. "Mngoni amekorofishana na Wahehe, analetewa Mhaya aamue. Sawa. Angalau una masikio. Tangu wanifungie sauti, wanaonisikia ni kondoo huyu na watoto wanaonyonya. Nilikwenda zahanati kumweleza mganga habari ya goti. Akaniangalia mdomo kama anaangalia samaki. Nikamshikia goti, halafu nikashika tumbo, kumwonyesha kwamba dawa za mara ya kwanza ziliniunguza tumbo. Akanipa dawa ya minyoo."

"Hukumwandikia?"

"Naandika. Nimeandika vikaratasi mpaka mkono umechoka. Mtu anasoma, anatingisha kichwa, anaondoka. Huwezi kumchekesha mtu kwa kikaratasi, binti. Marafiki zangu wanajua wakitoa vile vidude masikioni watanisikia. Hawavitoi. Wananipungia mkono."

Kokushima aliwasha kinasa sauti chake, akakibandika kwenye ukosi wa koti. Ukungu ulikuwa bado haujainuka juu ya mashamba ya paini, na nyumba ya Kikoti ilionekana nusu tu, bati lake likichuruzika maji.

"Nieleze kilichotokea siku ya mazishi," alisema.

"Kilichotokea ni kazi. Sisi na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona ni nafuu kutukanana. Mhehe akifa, mtani anakuja. Wengine wanalia, mtani anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu. Mjane anamtukana mtani, watu wanacheka, na mjane akishatukana ameanza kupona. Siku hizi vijana hawaijui kazi hiyo. Mimi nimeifanya miaka yote, na Alfonsi nimemwigiza tangu akiwa hai, mbele yake, mpaka ananirushia kiatu."

"Endelea."

"Basi nikavaa koti lake. Nikasema kwa sauti yake: huyu kondoo wangu dume nampa Mbano, kwa sababu ndiye mwenye sura nzuri kuliko nyinyi wote mliokuja kunizika. Nikamfungua kondoo, nikaanza kutembea. Hapo mjane anatakiwa aseme, 'Rudisha, mla panya wewe.' Tunavutana, tunatukanana, ananipa kikombe cha pombe ya ulanzi, kondoo anarudi zizini."

"Na hakusema."

"Hakusema. Nikafika hapa langoni, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikafika barabarani. Nikafika mtoni. Nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba mayai, nasubiri sauti nyuma yangu. Hakuna. Nikafika nyumbani na kondoo wa watu."

"Kwa nini hukumrudisha?"

Mzee Mbano alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nimrudishe vipi? Mtani harudishi kitu ambacho hakudaiwa. Nikimrudisha mwenyewe, nimekiri kwamba nilimwiba. Lazima nidaiwe. Kila Jumamosi nampitisha hapa mbele ya nyumba, taratibu, wamwone, wamdai. Wanafunga mlango." Akamtazama kondoo. "Amenimalizia kabichi zote."

2

Godoro lilikuwa sakafuni sebuleni, na viti vyote vilikuwa vimesogezwa ukutani. Miezi mitano baada ya mazishi, matanga katika nyumba hiyo yalikuwa hayajaanuliwa. Bibi Faustina alikaa juu ya godoro, ameegemea ukuta, amejifunika shuka la kimasai mabegani kwa sababu ya baridi. Kichujio chake kilikuwa cha aina ya wazee, kinachojaza tundu lote la sikio. Wazee wengi walishapoteza usikivu, hivyo chombo kilichowakinga ndicho pia kilichowakuzia sauti. Bila hicho, Bibi Faustina alisikia mvua kubwa na mlango ukibamizwa, basi.

"Kamwene, mwanangu," alisema. "Karibu. Utakaa chini na sisi."

Kokushima akakaa chini. Mtoto wa marehemu, Deodatus, alibaki amesimama. Alikuwa mtu mzima mwenye mikono ya kazi, msimamizi wa kiwanda cha mbao Makambako. Yeye ndiye aliyemvisha mama yake kichujio, na yeye ndiye aliyepeleka malalamiko.

"Dada, mimi si mtu mbaya," alianza.

"Sijasema hivyo."

"Huyo mzee anasema. Najua anasema, hata kama simsikii." Mzee Mbano alikuwa amesimama kwenye kizingiti, kwa sababu sheria ilitaka pande zote ziwepo. "Sikiliza. Miaka minne iliyopita sauti yangu ilimpigia mama simu. Nasema sauti yangu kwa sababu nilisikilizishwa baadaye, nikashindwa kujikana. Ilikuwa na hata kile kikohozi changu cha vumbi la mbao. Ilisema nimepata ajali, nimelazwa, auze haraka shamba la paini. Mama akauza kabla ya jioni. Na mimi wakati huo niko kazini, mzima, nakula chipsi."

"Ndiyo maana ana kitambi," alisema Mzee Mbano.

Kichujio kilimbana Kokushima sikio. Deodatus aliendelea bila kugeuka.

"Tapeli hakuja na panga. Alikuja na sauti ya mtu anayependwa, akaondoka na mali. Sasa huyu naye amekuja na sauti ya baba, ameondoka na kondoo. Nionyeshe tofauti kwenye sheria, nitaomba radhi hapa hapa."

"Mwambie ana kichwa kama cha baba yake," alisema Mzee Mbano, "ila cha baba yake kilikuwa na kitu ndani."

Kokushima hakumwambia. Alikuwa akiwaza kuhusu tofauti aliyoombwa, na sheria haikuwa nayo. Mwanzoni vichujio vilitafuta mashine tu: vilipima kama sauti imetoka kwenye koo la mtu au imetengenezwa. Matapeli wakajifunza kutengeneza sauti zenye pumzi na mate. Kisha zikaja kola, utepe mwembamba unaofichwa chini ya skafu, unaobadilisha sauti ya anayeuvaa, na matapeli wakaacha simu wakaanza kubisha hodi. Hapo wataalamu wakaliacha swali la koo na mashine. Kichujio kikafundishwa kuuliza jambo moja tu: je, sauti hii inajifanya ya mtu mwingine aliyesajiliwa? Ikiwa ndivyo, inakatwa, iwe kwenye simu, iwe ana kwa ana. Na aliyeitoa akiwa ameondoka na kitu cha mtu, sauti yake mwenyewe inafungwa nchi nzima kwa miaka saba. Utapeli wa sauti ulikuwa umepungua mpaka watu wakaanza kusahau ulivyokuwa. Kipimo kilionyesha kwamba Mzee Mbano alimwigiza marehemu vizuri kuliko kola nyingi.

"Naomba kusema," alisema Bibi Faustina.

"Sema, bibi."

"Nilimwona. Amevaa koti la mume wangu, anachezesha mdomo, na uwanja mzima kimya. Nilijua ananitukana. Kunitukana nini, sikujua." Alisema polepole, akiangalia mikono yake. "Kila usiku najilaza hapa chini nawaza alinitukana nini."

"Si ungemjibu tu, mama, kama ni desturi," alisema Deodatus.

"Utamjibuje mtu tusi usilolisikia? Ningejibu kubwa kuliko lake, ningeonekana mimi ndiye mwenye matusi."

Mlangoni, Mzee Mbano aligeuka akamtazama kondoo aliyekuwa nje.

3

Kokushima alitoka nje, akaenda nyuma ya jiko, akampigia Salmini, msimamizi wake aliyekuwa Dodoma. Salmini alikuwa ameshasoma kipimo.

"Ni utani, Salmini. Si utapeli. Mzee amekwama na kondoo wa watu, hajui namna ya kumrudisha."

"Naamini. Unataka kuandika nini?"

"Niandike utani."

"Ukiandika utani, vichujio vyote nchini vitajifunza usiku huu kwamba sauti ya marehemu msibani ni salama. Wiki ijayo kila mjane atatembelewa na mume wake."

Kokushima alilijua jibu hilo kabla hajapiga simu. Kila rufaa iliyokubaliwa ilikuwa somo kwa mtambo mzima, na matapeli walisoma maamuzi ya Baraza kwa bidii kuliko mawakili.

"Kuna kifungu cha msikilizaji," alisema.

"Kipo. Anayelindwa akiisikia sauti yenyewe, akatamka kwamba hakudanganyika, aliyefungiwa anafunguliwa na mtambo haujifunzi chochote. Linabaki jambo la watu wawili. Lakini mjane hakusikia."

"Anaweza kusikia leo."

"Kwa kichujio sikioni? Kitakata tena."

"Akivua."

"Koku, hutamwambia avue."

"Sijasema nitamwambia."

"Hata ukisema hatakusikia."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Sentensi pekee ambayo vichujio viliikata bila kujali ni sauti ya nani ilikuwa ile ya kumtaka mtu avue kichujio. Iwe ya mtoto wake, iwe ya waziri, msikilizaji alipata ukimya. Matapeli wote, wa simu na wa mlangoni, walihitaji sentensi hiyo, kwa hiyo ilifutwa kwa kila mtu. Watoto waliimba shuleni: anayekwambia vua, mkimbie. Kokushima mwenyewe alikuwa amezunguka vijiji akiifundisha. Alizoea kuwaambia wazee: hata mimi nikija na kitambulisho changu nikawataka mvue, nifukuzeni.

"Tuseme kwa ishara," alisema.

"Ishara, maandishi, kukonyeza, yote ni yale yale. Fikiria mwenyewe. Siku utakapomtaka avue kwa nia njema, umemfundisha kwamba yupo mtu mmoja duniani mwenye ruhusa ya kumtaka hivyo. Kesho mtu huyo atabisha hodi akiwa na sauti yako."

"Na akivua kwa hiari yake?"

"Sikio ni lake. Utamuuliza maswali matatu, atajibu, kinasa kitachukua. La mwisho ni kama kuna mtu aliyemshauri. Akisema hapana, mzee wako anafunguliwa leo hii." Salmini alishusha pumzi. "Lakini mtu wa umri ule havui hivi hivi tu. Tulifanya kazi yetu vizuri."

4

Aliporudi ndani, Kokushima alijaribu njia iliyokuwa halali.

"Bibi, naweza kukurudishia maneno ya Mzee Mbano kwa sauti yangu mwenyewe. Kunukuu si kuigiza, kichujio hakitakata."

Bibi Faustina alikubali. Mzee Mbano alisogea hatua moja ndani, akafikiri kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Mwambie hivi. Nyinyi Wahehe, mbwa wakisikia mmefiwa wanahamia Songea kwa miguu, kwa sababu wanajua kitoweo cha msiba ni nani."

Kokushima aliketi wima. "Anasema kwamba nyinyi Wahehe, mbwa wakisikia mmefiwa wanahamia Songea kwa miguu, kwa sababu wanajua kitoweo cha msiba ni nani."

Deodatus aligeukia dirishani. Bibi Faustina alimtazama Kokushima usoni.

"Wewe ni mtu wa wapi, mwanangu?"

"Bukoba, bibi."

"Basi hilo ni tusi," alisema bila hasira. "Mtu wa Bukoba akiniambia nakula mbwa, amenitukana. Mbano akiniambia, amenipa pole."

"Nisamehe, bibi."

"Hujakosea. Umetumwa tu."

Nje kondoo alikohoa. Bibi Faustina aliinua mkono, akagusa sikio lake, kwa namna mtu anavyogusa jino linalouma.

"Nikikitoa hiki," alisema, "nitamsikia?"

"Mama," alisema Deodatus.

Lakini mama yake hakumuuliza yeye. Alikuwa akimwangalia Kokushima, na hakumwangalia macho. Alimwangalia mdomo. Miezi mitano ya kumtazama Mbano akipita na kondoo ilikuwa imemzoeza hivyo.

Kokushima alikuwa na jibu ambalo lingesikika. Usikitoe, bibi. Alishalisema katika nyumba nyingi, na lilikuwa sahihi katika zote. Jibu la pili lilikuwa ndiyo, na hilo lingekatwa kwa kuwa lilikuwa sawa na kumwambia avue, na Bibi Faustina angeona mdomo ukicheza bila sauti, angejua kwamba mtu wa Baraza naye ni tapeli. Alifikiria mlangoni kulikuwa na nani, na miaka saba ni mingi kiasi gani kwa mtu aliyepita sabini. Alifikiria pia ukimya ungekuwa nini. Hakujidanganya kwamba ungekuwa si kitu.

Akafunga mdomo.

"Dada, mwambie asikitoe," alisema Deodatus. "Si ndiyo kazi yako? Mwambie."

Kokushima hakusema kitu. Bibi Faustina alisubiri kidogo zaidi. Kisha akakizungusha kichujio kwa kidole gumba, akakitoa, akakiweka ndani ya kifuniko cha chupa ya chai. Alipepesa macho, kama mtu aliyezimiwa taa. Halafu akamwita Mzee Mbano kwa mkono.

Mzee alipita katikati ya sebule, akapiga goti lake bovu juu ya godoro, akasogeza mdomo kwenye sikio la mjane. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito zaidi, ya mtu mwenye haraka ndogo ndogo, na ilikuwa kubwa, kwa sababu alilazimika kupiga kelele. Kichujio kilimbana Kokushima mpaka machozi yakamlengalenga.

"Faustina! Nasikia bado mmelala chini kama viazi! Mimi huku nimefika salama, ila hakuna mbwa hata mmoja, nashinda na njaa! Yule kondoo dume msimtafute! Nimempa Mbano, kwa sababu kati ya wote mliokuja kunizika, ndiye pekee mwenye sura ya kutazamika!"

Bibi Faustina alisikiliza amefumba macho. Deodatus, ambaye hakusikia neno, aliutazama uso wa mama yake akauona ukibadilika, akashika kiti.

"Mwongo wewe," alisema mama yake, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Alfonsi hakuniita Faustina tangu huyu Deo azaliwe. Na sura ya kutazamika umeitoa wapi, mla panya wewe? Panya wenyewe wakikuona wanafumba watoto wao macho. Rudisha kondoo wangu kabla sijakuchemsha naye chungu kimoja."

Kisha akacheka. Kicheko kilimjia vibaya, kikachanganyika na kulia, na hakujaribu kuvitenganisha. Mzee Mbano alibaki amepiga goti.

"Ulanzi kwanza," alisema, kwa sauti yake ya kawaida, ambayo mjane hakuweza kuisikia.

"Ulanzi hakuna," alijibu Bibi Faustina, akimwangalia mdomo. Baadaye kidogo alimtuma Deodatus auchukue jikoni.

5

Bibi Faustina alipokwisha kunawa uso na kurudisha kichujio sikioni, Kokushima aliweka kinasa juu ya kiti katikati yao. Kondoo alikuwa ameshaingizwa zizini. Godoro lilikuwa limekunjwa, na Bibi Faustina alikuwa amekaa kitini.

"Bibi, sauti uliyoisikia ilikuwa ya nani?"

"Ya Mbano. Alikuwa anamwigiza mume wangu. Si vizuri sana."

"Je, ulidanganyika?"

"Hata kidogo."

"Je, kuna mtu aliyekushauri uvue kichujio?"

Bibi Faustina alilifikiria swali hilo kwa uangalifu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa.

"Wewe," alisema.

"Mimi sikusema kitu, bibi."

"Ndiyo. Nyinyi mkija huwa mnaniambia nisikivue. Hata chai sijamimina, mmeshaniambia. Leo nimekuuliza wewe mwenyewe, ukanyamaza. Nikajua."

Taa ndogo ya kinasa ilikuwa inawaka. Kanuni ziliruhusu swali lirudiwe kama aliyeulizwa hakuelewa. Mlangoni Mzee Mbano alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Deodatus naye alikuwa anamwangalia Kokushima, na usoni pake hapakuwa na ushindi wowote.

Bibi Faustina aliziona sura zao. "Nimejibu vibaya?" aliuliza. "Niambie nijibu vipi, mwanangu. Nitajibu hivyo."

Hivyo ndivyo lilivyouzwa shamba la paini. Sauti aliyoiamini ilimwambia la kufanya, naye akafanya kabla ya jioni.

"Hapana, bibi," alisema Kokushima. "Umejibu sawasawa." Akazima kinasa. Halafu akasogeza kiti chake karibu. "Kuna jambo nataka ulishike. Siku nyingine ukimuuliza mtu wa Baraza kuhusu kichujio, akanyamaza, usikivue. Hata akiwa mimi."

"Hata akiwa wewe?"

"Hasa akiwa mimi."

Bibi Faustina alimtazama kwa makini mpya, akatikisa kichwa kukubali. Kokushima aliuona ule umakini. Ulikuwa wa mtu anayepima mgeni, na aliona kwamba ndivyo ulivyopaswa kuwa.

Deodatus alimsindikiza mpaka ukumbini. "Kwa hiyo hawamfungulii," alisema.

"Hawamfungulii."

"Kesi ya kondoo nitaifuta."

"Ifute. Ya sauti si yako tena, ni ya mtambo."

"Na wewe?"

"Mimi nitapewa kichujio cha kawaida. Mpima aliyeshauri mtu kuvua haachiwi masikio wazi."

Deodatus aliifuta mikono yake kwenye suruali. Akampa mkono.

6

Gari la Baraza lilikuwa njiapanda, mwendo wa dakika chache. Mzee Mbano alitembea naye. Bila kamba mkononi hakujua aiweke wapi mikono yake. Kokushima alimweleza kila kitu kwa mpangilio: alichojibu mjane, maana yake, na kwamba miaka saba inahesabiwa tangu siku ya kufungiwa, si tangu leo.

"Ningekuwa wewe ningemuuliza mara ya pili," alisema mzee.

"Najua."

"Angesema hapana. Angesema kwa furaha."

"Ndiyo. Angesema chochote nilichotaka."

Mzee alitembea akichechemea. Hakuonekana kukubali, wala hakubishana. "Lakini amenitukana," alisema baadaye. "Umemsikia? Panya wanafumba watoto macho. Hilo ni jipya. Alikuwa nalo tangu siku ya mazishi, limechacha ndani kama ulanzi." Akacheka peke yake. "Kesho utaitwa Dodoma."

"Kesho asubuhi."

"Watakubadilishia hicho kidude."

"Ndiyo."

"Basi baada ya kesho na wewe utaniangalia mdomo."

"Nitakuangalia mdomo, mzee."

Walipita shamba lililovunwa, lenye visiki vyenye utomvu bado. Dereva aliwaona kwa mbali, akawasha gari.

"Tatizo ni kwamba Wahaya si watani wangu," alisema Mzee Mbano. "Sina ruhusa ya kukutukana. Ni kukosa adabu."

"Leo yamefanyika mengi yasiyo na ruhusa."

"Na sina mwingine wa kumtukana." Alikohoa, akasafisha koo kwa uangalifu, kama mtu anayejiandaa kuhutubia uwanja. "Nyinyi Wahaya, mtu akiwakaribisha chai, kabla hamjanywa mnauliza kikombe kimesoma chuo gani."

Kichujio kilibana. Kokushima alicheka, na mzee, alipoona amesikika, akanyoosha mgongo.

"Hilo ni la kufungulia," alisema. "Ninayo ya ndizi, ninayo ya Kiingereza chenu, na moja la bibi harusi aliyebebwa na vyeti vyake. Gari lako lina haraka?"

Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kuushikilia. Kokushima alimwinulia mkono asubiri, akapunguza mwendo.

"Anza na la ndizi," alisema.